Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nishati: upepo wa Singida mmeshaupima, sasa tupeni jibu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia nishati nchini, pamoja na wenzenu wa ardhi na mipango mnaokaa nao meza moja,

YAH: UPEPO WA SINGIDA NA MASHAMBA YETU YALIYOSHIKILIWA

Waheshimiwa, habari za kazi na poleni na majukumu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mkulima wa alizeti, nina na mashine ndogo ya kukamua mafuta, naishi nje kidogo ya Singida mjini. Siandiki hadharani kwa kupenda. Nimeanza na njia zote ambazo mtu wa kijijini anaambiwa aanze nazo, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata, wilayani, alafu ofisi moja kubwa ambayo jina lake siliweki hapa. Kabatini kwangu kuna faili la plastiki la bluu, ndani kuna nakala nne za barua, kila moja ina muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe na sahihi ya karani, ule muhuri wa kwanza wino wake umefifia mpaka uinue karatasi dirishani ndo uone kilichoandikwa. Jibu nililopata ni moja tu na lilikuwa la mdomo, kwamba suala lenu linashughulikiwa. Nikarudi baada ya mwaka nikaambiwa aliyekuwa analishughulikia kahamishwa na mpya ndo anaripoti. Basi nimeona niandike pale ambapo kila mtu anasoma.

Kwanza niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Kuna mlingoti wa chuma ulisimamishwa kwenye shamba la jirani yangu, mwembamba, mrefu kupita mbuyu wowote, umeshikiliwa na waya pande zote, na kule juu kuna vikombe vitatu vyeusi vinazunguka. Watoto walikuwa wanalala chali chini yake wanashindana nani atahesabu mizunguko na hakuna aliyewahi kumaliza, mana vilikuwa haviachi. Fundi aliyekuja kuchukua kumbukumbu alitwambia hapa mmekalia mali. Mzee mmoja akamuuliza, hiyo mali itaanza lini? Akasema mwaka kesho au keshokutwa. Wale watoto saivi wana watoto wao.

Madai yangu nayapanga kwa namba ili mtu asije sema hajaelewa.

1. Kupima kumeshatosha.

Nyaraka za serikali yenyewe za zaidi ya miaka kumi iliyopita zinasema wastani wa upepo Kititimo, hapa Singida, ni mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako kule Njombe ni mita 8.9, hiyo imepimwa mita 30 tu kutoka ardhini. Mitambo ya siku hizi inasimama juu zaidi ya hapo sana, na kadri unavopanda ndivo upepo unavokuwa na nguvu. Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba spidi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara 8, kwahiyo sehemu yenye upepo wa mita 9 na sehemu yenye mita 5 hazilingani kabisa hata kama kwa masikio yako utasema pote kunapuliza. Yani sisi tuna kitu ambacho nchi nyingine zinakitafuta baharini kwa gharama kubwa.

Tangu hapo tumesikia megawati 50, tukasikia megawati 100, tumesikia mikutano ya wawekezaji, wabunge wetu wameuliza maswali na yamejibiwa kwamba mchakato unaendelea. Na mpaka leo upepo pekee unaozalisha umeme wa biashara Tanzania ni wa mapangaboi matatu, yani mitambo ya upepo, kule Mufindi, Iringa, megawati 2.4 jumla, yaliyoanza kazi 2020. Nawapongeza sana wale wa Mufindi na nitawarudia hapo chini, ila nchi kubwa kama hii mapangaboi matatu waheshimiwa?

2. Waya upo, unapita juu ya vichwa vyetu.

Zamani nilikuwa naelewa. Mtu angeniambia mama, upepo mnao ila huwezi kusafirisha umeme kwenye ndoo, hakuna laini kubwa ya kuubeba, ningenyamaza. Saivi siwezi kunyamaza kwasababu laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Dodoma kuja Singida kwenda Shinyanga ipo na ni ya kazi. Na mwishoni mwa 2024 ikawashwa ile nyingine ya kilovolti 400 inayotoka hapa hapa Singida kwenda Arusha mpaka Isinya, Kenya, zaidi ya kilomita 500. Laini mbili za ukubwa huo zinakutana Singida, mahali penye upepo wa mita 9.9. Mwenye nyumba akishavuta bomba hadi mlangoni na kisima kiko uani, kilichobaki ni kuunga.

Machi 2025 Mheshimiwa Rais Samia akiwa Kilimanjaro alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu umeme wetu unazalishwa mbali na unapotea mwingi njiani kabla ya kufika huko. Watu wengi walipiga kelele mitandaoni, mimi sikupiga, kupotea kwa umeme njiani ni jambo la kweli na kuuziana umeme na jirani ni jambo jema, leo nakuuzia kesho unaniuzia. Ila nilijiuliza swali moja usiku kucha. Kama shida ni umbali wa kutoka Bwawa la Nyerere kule Rufiji hadi Arusha, Singida iko wapi kwenye hiyo hesabu? Singida na Arusha ziko kwenye laini moja. Umeme wa upepo wa hapa ungefika Arusha na Kilimanjaro bila kuzunguka nchi nzima, na jirani tukamuuzia sisi pia inapozidi. Naomba mlijibu hili kwa maandishi, mana kwenye mikutano hakuna aliyelijibu.

3. Tumeweka mayai yote kwenye mto mmoja.

Hapa nitakaa kidogo mana ndo panaponiuma kazini.

Bwawa la Nyerere ni fahari yetu, mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, nami nililia siku mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024. Ila chukueni ramani muangalie mito. Mtera megawati 80 na Kidatu 204 ziko Ruaha Mkuu. Kihansi 180 iko upande wa Kilombero. Ruaha na Kilombero zote zinamwaga maji Rufiji, na Bwawa la Nyerere liko kwenye Rufiji hiyo hiyo. Kwahiyo ni bonde moja, mvua ikigoma kwenye lile bonde imegoma kwa vituo vyote vinne. Tuliona 2006, tukaona 2011, tukaona tena 2022 na 2023, kila mara ni wimbo ule ule wa kina cha maji kimeshuka, alafu tunakimbilia mitambo ya dharura ya mafuta kwa bei ya kukimbilia, na yaliyotokea kwenye mikataba ya dharura ya 2006 mnayajua kuliko mimi, Waziri Mkuu alijiuzulu Februari 2008.

Niwaonyeshe mgao unafananaje kwa mtu wa mashine ya kukamua. Ndani ya mashine kuna shafti nene yenye meno ya kuzunguka inayosukuma mbegu kwenye kizimba cha vyuma, mafuta yanachuruzika chini, mashudu yanatokea mbele yakiwa ya moto. Umeme ukikatika mashine ikiwa imejaa, zile mbegu zilizosagika nusu zinapoa na kugandamana na shafti kama simenti. Umeme ukirudi huwezi kuwasha, motor itaungua. Lazima kijana afungue nati zote, atoe chuma kimoja kimoja, akwangue kwa patasi na nyundo, apake mafuta, afunge upya. Masaa matatu, mara nyingine manne. Akimaliza, amewasha, debe la kwanza linaingia, unakatika tena. Mwishoni mwa 2023 nilikuwa na foleni ya wakulima wamelala barazani kwangu na magunia yao, mama mmoja katoka mbali na mtoto mgongoni, ikabidi nimpe mafuta yangu mwenyewe aondoke nayo alafu nibaki na gunia lake. Nilikodi jenereta siku sita. Dizeli ilikula faida yote ya msimu na kijana wangu mmoja nikamwambia apumzike kwanza, hajarudi mpaka leo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mkulima wa Singida analijua bila kufundishwa. Upepo wa hapa unachachamaa kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita mvua zimeisha, alizeti zimevunwa, vumbi linatembea, mabati yanalia usiku, na inaendelea hivo mpaka karibu na mvua za mwisho wa mwaka. Ni miezi ile ile ambayo mabwawa yanashuka. Maji yakipungua upepo unapanda, mvua zikija upepo unatulia na mabwawa yanajaa. Wale wa Mufindi waliliona hili mapema, wana kituo cha maji cha megawati 4 kwenye mto Mwenga, na walijenga mapangaboi yao kwasababu hiyo hiyo kwamba kiangazi mto unapungua na upepo wa milimani ndo unaongezeka. Wamefanya kwa vijiji vyao kitu ambacho nchi nzima inaweza kufanya.

Na upepo ukivuma huna haja ya kufungua maji mengi, unayaacha bwawani. Bwawa linakuwa ndo betri yenu. Nchi nyingine zinanunua betri za mabilioni ili kutunza umeme wa jua na upepo, sisi tumeshajenga bwawa, tumelilipia, alafu tunaliacha lifanye kazi peke yake.

4. Mashamba yetu mmeyafunga na hamjayafungua.

Hili ndo la faili la bluu. Mwaka 2013 walikuja watu wa mradi wa upepo na GPS na rangi nyekundu. Walikuwa wastaarabu, walikunywa maji kwetu. Wakaandika namba kwenye ukuta wa nyumba ya mama yangu, wakaandika kwenye miembe yake mitano, wakapiga picha yeye ameshika kibao chenye namba. Wakasema tusiongeze jengo, tusipande mti wa kudumu, mana chochote kitakachoongezwa baada ya siku ile hakitalipwa. Waliacha vijiwe vya mipaka shambani, wakaenda.

Mama alikuwa na ufa ukutani upande wa jikoni. Alitaka kubomoa ule ukuta ajenge wa tofali za kuchoma. Tukamwambia subiri mama, ukijenga utapoteza hela. Akasubiri. Masika ya 2016 akaweka gunia kwenye ufa, masika ya 2018 akahamishia jiko nje. Alifariki ukuta ukiwa na namba yake nyekundu na ufa wake. Sisemi mliomuua ni nyinyi, mama yangu alikuwa mzee na alikuwa anaumwa. Nasema miaka yake ya mwisho alipikia nje kwenye vumbi akisubiri mradi ambao hakuna aliyekuja kumwambia kama upo au haupo.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 iko wazi, uthamini wa fidia unakufa baada ya miaka miwili tangu uidhinishwe, na fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadai riba. Hata mtu akiniambia sheria hii imekuja baada ya wale wa rangi nyekundu, bado naomba jibu la swali dogo, ni karatasi gani inayonizuia leo kupanda mti kwenye shamba la mama yangu? Kama ipo nionyesheni. Kama haipo, tamkeni kwenye mkutano wa kijiji kwamba haipo, mana watu wanaogopa, vijana hawajengi, benki haikukopeshi kwa shamba lenye kijiwe cha mtu mwingine katikati.

5. Tusirudie ya majirani.

Kuna watu mtasoma hapa mtadhani mimi nasema leteni mitambo kwa namna yoyote. Hapana. Nimefuatilia ya Kenya kwa miaka sasa mana wao ndo wametutangulia.

Pale Loiyangalani, Marsabit, kwenye mradi unaoitwa wa Turkana kwa jina la ziwa la pale, kuna mapangaboi 365 ya megawati 310. Yalikuwa yamesimama tayari 2017 ila laini ya kilomita 428 kwenda Suswa ilikuwa haijaisha, ikaunganishwa Septemba 2018, na huku nyuma Wakenya wakalipa mabilioni ya shilingi zao kwa umeme ambao haukuwafikia. Wao walikuwa na mitambo bila waya, sisi tuna waya bila mitambo. Na la ardhi ni zito zaidi, Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ilisema hati za eneo lile, kama ekari 150,000, hazikupatikana kwa utaratibu, wafugaji ambao ndo wenye ardhi hawakushirikishwa ipasavyo. Mitambo yenyewe inakaa kwenye sehemu ndogo tu ya ekari hizo. Kwanini uchukue ekari zote hizo?

Na Kinangop, Nyandarua, megawati 60.8 zilikuwa zishapata hela na zishapata mkataba, ukaibuka mgogoro na wenye mashamba, maandamano, mtu akafariki, na mwaka 2016 mradi ukafutwa kabisa. Upepo ulikuwepo, pesa ilikuwepo, walichokosa ni kukaa chini na wenye mashamba mapema wakaelewana.

Kwahiyo sisi tunachotaka kiko hivi. Pangaboi moja linahitaji msingi wake na barabara ya kulifikia, basi. Katikati ya pangaboi na pangaboi alizeti inaota vizuri tu, ng'ombe anapita vizuri tu. Chukueni eneo la msingi na barabara, mlilipie kwa bei ya leo, na ardhi iliyobaki iendelee kuwa ya wakulima. Alafu kodi ya mwaka kwa kila mtambo ilipwe kijijini kwa utaratibu ambao mkutano mkuu wa kijiji umeukubali, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inavotaka watu washirikishwe. Nyumba zilizo karibu zipewe umbali unaoeleweka kwasababu ile kelele ya mapanga usiku sio hadithi, wanaokaa karibu nayo wanaisema.

6. Ndege wa Singidani na Kindai.

Hili ni fupi ila lisiachwe. Maziwa yetu yanatembelewa na heroe na mwari, na mtu yeyote aliyelelewa hapa anajua asubuhi gani maji yanakuwa ya pinki. Kule Kenya, kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado, wana watu kazi yao ni kuangalia tai angani na kusimamisha mtambo ndege akikaribia. Inawezekana. Utafiti wa ndege ufanywe misimu yote na matokeo yabandikwe kijijini kwa Kiswahili.

Sasa najua mtakachojibu, mana baadhi nimeshajibiwa.

Mtasema umeme saivi unatosha. Waheshimiwa, mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, na ilipofika Machi 2024 vituo vitano vya maji vikazimwa kwa muda kwasababu umeme ulizidi. Miezi michache tu katikati! Huko sio kutosha, huko ni kufuata mvua inavotaka. Na matumizi yanapanda, treni ya umeme ishaanza Dar mpaka Dodoma na reli yake inakuja kupita Manyoni na Itigi kwenye mkoa wetu, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kisafi ifikapo 2034. Mama wa kijijini akishaacha kuni akawasha jiko la umeme alafu umeme ukakatika na ugali uko nusu, hamtamrudisha tena kwenye hilo jiko.

Mtasema jua ni rahisi zaidi. Nakubali jua, mradi wa Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150 naushangilia na uongezwe hata mara tatu. Ila nchi hii inatumia umeme mwingi kabisa saa moja usiku mpaka saa nne, watu wamerudi, taa, tivii, pasi, na hiyo saa jua limelala. Upepo wa kwetu usiku ndo unaongea. Jua mchana, upepo usiku na kiangazi, maji ya kuziba mapengo, na joto ardhi la Ngozi kule Mbeya lichimbwe pia mana lenyewe halijali usiku wala kiangazi, Wakenya wanalitumia Olkaria miaka na miaka. Sioni kwanini moja limfukuze mwenzake.

Mtasema tuna gesi. Tunayo, Songo Songo inazalisha umeme tangu 2004 na imetuokoa kiangazi nyingi. Ila gesi ukishaichoma imeondoka, na ile ambayo hujaichoma leo unaweza kutengenezea mbolea au kuuza kesho.

Mtasema upepo hautabiriki. Kwa dakika, ndio. Kwa msimu, muulizeni bibi yeyote wa Kinyaturu anayepepeta uwele, atawaambia mwezi na saa. Na waongozaji wa gridi ya Kenya wanaishi na megawati 310 za Turkana kila siku.

Mtasema mwekezaji anataka bei kubwa. Turkana bei ya mkataba wa mwanzo ilikuwa chini ya senti 8 za euro kwa uniti, na hiyo bei ilipangwa miaka zaidi ya kumi iliyopita, wakati mitambo ilikuwa midogo na ghali kuliko ya leo. Tangazeni zabuni ya wazi, kila mtu alete bei yake ndani ya bahasha, bei zisomwe hadharani, mshindi ajulikane. Mikataba ya mezani kwa mtu mmoja mmoja ndo imetuchelewesha miaka yote hii, kila mmoja anakuja na bei yake, mnavutana, anachoka, anaondoka, anakuja mwingine anaanza kupima upya.

Ninachoomba, na hapa nasema kwa niaba ya kaya 41 zilizoweka sahihi na dole gumba kwenye karatasi niliyonayo:

a) Ndani ya siku 60 mtutamkie kwa maandishi kama mashamba yetu yako ndani ya mradi au hayapo. Kama hayapo, vijiwe ving'olewe mbele yetu na mtu wa ardhi akiwepo.

b) Kama yapo, uthamini ufanywe upya kwa bei za leo, na miaka tuliyozuiwa kuendeleza ihesabiwe.

c) Takwimu za upepo zilizokusanywa kwenye ardhi yetu ziwekwe wazi ili asije mtu mwingine na mlingoti kuanza mwanzo.

d) Zabuni ya wazi ya upepo wa Singida itangazwe na tarehe, na iwe na masharti ya ardhi na ndege niliyoyasema, yaandikwe kwenye mkataba na sio kwenye hotuba.

e) Msiitishe kikao cha mjini kwa kadi. Njooni kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji tunafanyia chini ya mkuyu jirani na shule ya msingi, mnakaribishwa siku yoyote ila Jumatano ambayo ni mnada. Njooni mwezi wa nane mkiweza, saa kumi jioni, mje na kofia mzishike kwa mkono, na mtu wenu wa vipimo aje na kifaa chake.

Masika haya nimepanda miembe mitano kwenye shamba la mama, palepale ilipokuwa ile yenye namba. Nimewapa taarifa kwa barua ya tano, nakala ina muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mkamuaji wa alizeti,
nje kidogo ya mji, Singida.

Nakala:
Mwenyekiti wa kijiji (kwa ajili ya ubao wa matangazo)
Kaya 41 zilizosaini